Nani Ataushika Mguu wa Baba

Juzi mke wa mjukuu wangu alinionea huruma. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya jikoni nikisugua muundi wangu wa kushoto, huu ambao siku hizi unaamka kabla ya jogoo, akaenda mgombani bila kuniuliza. Alirudi na jani pana, akalibabua juu ya moto mpaka likalegea na kung'aa, akapiga magoti anifunge nalo mguu. Harufu ilinifikia kabla ya mikono yake. Nilimfokea. Nilimwambia alitupe hilo jani, alitupe mbali, na maskini mtoto wa watu akasimama ameduwaa, akidhani bibi kizee ameanza kurukwa na akili.

Baadaye nilimwomba radhi, nikaenda kliniki kama wanavyonisumbua niende. Daktari kijana aliniuliza maswali mengi. Mguu unauma ukitembea au ukilala? Umevimba? Una joto? Uliwahi kugongwa? Una sukari? Nilimjibu yote. Nilitamani kumwambia kwamba swali moja amelisahau, lile ambalo sisi tungelianza nalo: nani ameuleta? Lakini foleni ilikuwa ndefu, nikanyamaza. Ninyi wa rika langu, mliolelewa kwa moshi kama mimi, hamtahitaji maelezo mengi, kwa hiyo wacha niwaambie ninyi.

Baba alirudi kutoka mashamba ya chai ya Kericho akichechemea. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na wanaume wa kwetu walikuwa wakienda huko na kurudi, wengine na blanketi, wengine na baiskeli. Yeye alirudi na mguu. Gogo lilimgonga muundini wakati wa kufyeka msitu. Kidonda kilikuwa kimefunga, ngozi imetulia juu yake, na mtu yeyote angeapa kwamba amepona. Ila maumivu hayakwenda. Yalikaa ndani kabisa, chini ya goti, mahali ambapo mkono haufiki, na jua likishatua yalianza kazi yao. Mwanzoni Baba alitania kwamba aliondoka na miguu miwili akarudi na mmoja na nusu. Baada ya mvua za kwanza aliacha kutania.

Nilikuwa na umri wa kutumwa maji lakini si wa kuachiwa moto. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kuna kitu hai ndani ya mguu ule, na nilikuwa na ushahidi. Kwanza, Baba aliongea nao. "Nyamaza," aliuambia akiwa ameulaza juu ya kigoda. "Nyamaza, nimechoka na wewe." Pili, ulikuwa na joto hata asubuhi za ukungu wakati sisi wengine tulikuwa tunatetemeka. Nilikuwa nikiukodolea macho nikingoja hicho kitu kisogee chini ya ngozi. Siku muundi ulipotoboka wenyewe na kuanza kutoa maji ya manjano, nilikimbia mpaka kwenye ua wa ng'ombe, nikijua sasa kimetoka.

Nyanya, mama yake Baba, aliyekuwa na nyumba yake upande wa juu wa boma letu, alisema ni baridi ya Kericho imeingia mfupani. Basi mguu ukachapwa kwa upupu na majani ya kuwasha ya shambani mpaka ukaota malengelenge. Kisha ikasemwa ni damu mbaya, akaja mzee mmoja akauumika kwa pembe, akaondoka na kuku wetu. Kisha ikasemwa ni wazee waliokufa wanadai chao, akachinjwa mbuzi. Baba Mdogo, ndugu yake Baba, alitaja hospitali ya mjini Kisii mara moja tu. Mwanamume wa kilima cha pili alipelekwa huko na mguu uliooza akarudi na mguu mmoja na gongo, na ingawa alirudi akiwa hai, Baba hakuona uhai katika jambo hilo. "Nitasimamaje kwenye ng'ombe wangu kama korongo?" aliuliza. "Afadhali nife na viungo vyangu vyote."

Aliyempa nafuu alikuwa mmoja tu, naye ni Mama. Jina lake lilikuwa Moraa, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, mwenye mikono mikubwa. Kila jioni alibabua majani ya mgomba, akaosha mguu kwa maji ya moto, akaufunga polepole, na Baba, aliyemfokea kila mtu mwingine aliyeugusa, alifumba macho na kumwacha afanye. Mimi nilishika bakuli. Usaha ule na jani lile la moto vilichanganyika puani mwangu tangu wakati huo na havijawahi kuachana.

Siku moja ya soko Mama aliniambia nimfuate sokoni Masimba. Zamani hizo palikuwa na maduka machache tu kando ya barabara, na kwenye baraza la duka moja alikaa fundi wa cherehani aliyeitwa Odero, Mkristo kutoka upande wa ziwani. Alikuwa ameenda vitani, nchi za mbali kule Bama, na alitembea akivuta mguu kidogo. Mama alikuwa amemwona akitembea. Hilo ndilo lililompeleka pale, wala hatukuwa na kitambaa cha kushona.

Alisimama mbele ya cherehani akiwa amekunja mikono. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni.

"Fundi," alisema, "mguu yako ilikuwa nini?"

Odero aliacha kukanyaga cherehani akamtazama. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo bila salamu.

"Ilikuwa mbaya, mama. Risasi ilipita, ikaacha uchafu kwa mfupa. Ilikuwa inauma usiku, inauma mchana, inatoka maji. Kwa nini unauliza?"

"Bwana yangu ni hivyo hivyo."

"Iko na shimo?"

"Iko."

"Inanuka?"

Mama alishika pua yake. Odero alivuta kiti chake nyuma, akakunja suruali mpaka gotini ili aone. Kulikuwa na kovu refu lililodidimia muundini, jeusi, likimetameta. Alieleza kwa vidole jinsi daktari wa jeshi alivyotoa kipande cha mfupa uliokufa, kisha wakampiga sindano, kisha wakamwosha kila siku kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, na kitambaa pia kikachemshwa. "Ile mfupa imekufa ndiyo shida," alisema. "Ikikaa ndani, hata ufunge dawa gani, bado italeta usaha. Mwambie aende hospitali, mama. Si kila mguu wanakata." Mama aliinama kulitazama lile kovu kwa karibu. Alinyoosha kidole, nadhani apime urefu wake hewani, bila kuligusa.

Wakati huo huo jirani yetu Nyaboke alipita barabarani na mkungu wa ndizi kichwani. Alitusalimu vizuri sana.

Maneno yalifika nyumbani kabla yetu. Mwanamume wa kabila lingine amekunja suruali mpaka gotini mbele ya mke wa mtu, na mke wa mtu ameinama. Kwetu kuna aibu tunayoiita chinsoni, inayopanga nani aone nini cha nani, nani aingie nyumba ipi na asimame wapi. Goti la mwanamume si kitu cha kuonyeshwa kila mtu. Nilipomwambia Nyanya kwamba Fundi alikuwa anaonyesha kidonda tu, alinishika sikio, si kwa kuniumiza, akasema, "Umefundishwa useme hivyo." Mtoto wa wakati ule hakuwa na ushahidi. Lisemwalo lipo, walisema watu wazima, na kama halipo linakuja.

Hapo ndipo nilipolisikia neno amasangia likisemwa nyumbani kwetu kwa sauti ya chini. Mke akitembea nje, halafu mumewe augue au atoke damu, basi yule mke haruhusiwi kumkaribia. Akimkaribia, mgonjwa atatoka jasho jingi la ghafla, na jasho hilo halikauki mpaka roho imetoka. Njia ya kupona ilikuwa mke akiri mbele ya watu, atakaswe kwa mbuzi na dawa. Mama aliitwa nyumbani kwa Nyanya, akaambiwa akiri.

"Nikiri nini?" aliuliza.

"Mokamwana," Nyanya alisema, yaani mke wa mwanangu, "mficha maradhi kifo humuumbua. Sema tu, tuchinje mbuzi, yaishe. Hutakuwa wa kwanza."

"Sina la kusema."

"Basi usimkaribie mwanangu."

Nyumba zetu wakati ule zilikuwa na pande mbili, upande wa jiko ambao ni wa mwanamke, na upande wa mwanamume, kila upande na mlango wake. Tangu siku hiyo Mama hakuvuka kwenda upande wa Baba. Alipika, akaweka chakula mkononi mwangu, akarudi nyuma. Na sasa tazameni hesabu ya kwetu ilivyokaa. Mke hawezi kuugusa mguu kwa sababu ya amasangia. Mimi binti siwezi kwa sababu ya chinsoni, maana mtoto wa kike haoshi mwili wa baba yake. Baba Mdogo alisema hiyo ni kazi ya wanawake. Alibaki Nyanya, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu na mikono ikitetemeka, naye alifunga majani juu ya majani bila kutoa yale ya chini. Watu wazima wote walimpenda Baba, hilo sina shaka nalo, na kati yao wote hapakuwa na mmoja wa kumwosha mguu.

Uliharibika upesi. Uvimbe ulipanda mpaka gotini, ngozi ikawa ya rangi ya zambarau. Homa ilimshika na kumwachia na kumshika. Nzi walijua mlango wake. Nilipoingia na chakula nilipumua kwa mdomo, na bado harufu nilikuwa naionja. Jirani walianza kuja kusalimia wakiwa na ile sauti laini ambayo mtoto huichukia bila kujua kwa nini.

Mama alikaa nje. Alihamishia kazi zake zote nyuma ya nyumba, kwenye ukuta ule ambao kitanda cha Baba kiliuegemea kwa ndani. Alisagia wimbi pale, akachambua mboga za saga pale, akakaa pale hata asipokuwa na kazi. Kila nilipotoka na bakuli tupu aliniuliza swali moja.

"Ameniita?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa, akaendelea. Mimi nilidhani anaogopa kuitwa. Nilidhani anakaa pale akisikiliza lini pumzi itakatika, maana nilikuwa nimeona ametoa nguo zake chache na kuzifunga kwenye kitambaa. Nikaanza kumwogopa mama yangu mzazi. Nikaanza kuamini kwamba Nyaboke aliona kitu ambacho mimi, niliyekuwa hapo hapo, sikukiona. Mtoto akisikia jambo likirudiwa na watu wazima hata macho yake mwenyewe huyaona ya uongo.

Naye Baba kwa ndani alikuwa na swali lake. "Mama yako yuko wapi?"

"Yuko nje, Tata." Ndivyo tulivyomwita baba.

"Anafanya nini?"

"Amekaa tu."

Aligeuza uso. Ukuta ule ulikuwa wa udongo, si mnene. Angeongea kwa sauti ya kawaida Mama angemsikia.

Asubuhi moja nilimkuta Baba Mdogo na wanaume wawili wa ukoo wakikata migomba upande wa kulia wa nyumba yetu. Walikata mashina mazuri, mengine yakiwa na ndizi changa, wakang'oa mizizi, wakasawazisha ardhi. Jua likaingia mahali ambapo halijawahi kuingia. Nilifurahi mno. Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amefanya jambo lolote jema kwa ajili ya Baba, na hawa sasa, nilidhani, wamemwandalia mahali pa kutolewa nje aote jua, kama tulivyokuwa tukimtoa ndama mgonjwa. Nilikimbia ndani kumpasha habari.

"Tata, wamekutengenezea mahali pa kuota jua!"

Alifungua macho. "Nani?"

"Baba Mdogo. Wamekata migomba."

"Upande gani?"

"Wa kulia. Ni pazuri, pamelainishwa."

Ninyi mnajua. Kwetu mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake. Mimi sikujua. Nilisimama pale nikitabasamu, na Baba alinitazama kwa muda mrefu, mpaka tabasamu langu likaanza kuniaibisha. Nilitegemea atauambia mguu unyamaze. Badala yake aliniambia mimi, kwa sauti niliyoijua tangu kabla ya Kericho, "Mwite ndugu yangu. Mwambie aweke panga chini, aende upande wa Sironga amlete omobari."

Omobari ni mpasuaji wa kwetu. Walikuwepo waliofungua hata fuvu la kichwa mtu akipigwa na maumivu yasiyoisha, wakakwangua mfupa, wakafunga. Nyanya alikuwa amekataa habari ya omobari tangu mwanzo, na sababu ilikuwa moja: damu ikimwagika, amasangia huamka. Sasa Baba alikuwa ameamua, na mwanamume akiamua mama yake hunyamaza, walau kwa mdomo.

Omobari alikuja mchana wa siku ya pili, mzee mkavu aliyeitwa Onsongo, na mfuko wa ngozi. Alitaka mwanga wa mlango, kwa hiyo Baba alivutwa karibu na kizingiti. Onsongo alitoa majani ya Nyanya, tabaka baada ya tabaka, akayatupa nje bila kusema neno. Aligonga muundi kwa kucha, akasikiliza. Aliingiza kijiti chembamba katika lile shimo mpaka kikagonga kitu kigumu, na Baba akauma blanketi.

"Kuna mfupa umekufa humu," alisema. "Umekaa ndani kama mwiba. Nitafungua niutoe. Ataushika nani mguu?"

Baba Mdogo na wale wanaume wawili walikuwa tayari kushika mabega na goti. Onsongo alitikisa kichwa. Hao ni wa kumzuia asiruke, alisema. Anataka mtu wa kushika chini, kwenye kifundo, auinue na kuugeuza anavyoambiwa, mtu ambaye mguu wenyewe haumwogopi. Kisha akauliza, "Huyu ana mke?"

Baba Mdogo alimtazama Nyanya. Mimi nilikuwa nimeleta maji ya moto na hakuna aliyekumbuka kunifukuza.

"Nimeuliza, ana mke? Kwa sababu nikikata na kuna jambo, nitakuwa nimekata maiti. Mke akiri sasa, au akae mbali kabisa, ng'ambo ya mto. Au kama hana jambo, aje ashike. Sifanyi kazi katikati."

"Atakwenda ng'ambo ya mto," Nyanya alisema.

Chumba kikaingia giza. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amezuia mwanga wote. Mikono yake ilikuwa imelowa maji mpaka kwenye viwiko.

"Nitaushika mimi," alisema.

Nyanya alisimama kwa shida. "Ukivuka hapo, umemuua mwanangu."

"Basi atafia mikononi mwangu, na mtajua pa kunitafuta."

Wote walimtazama Baba. Neno moja lake lingetosha, la kumkaribisha au la kumfukuza. Nakumbuka jinsi alivyolala, shingo yake nyembamba. Aligeuka akatazama ukuta. Mama alingoja kidogo, akavuka kizingiti, akapiga magoti, akakishika kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili.

Sitawaeleza kukata. Mliochinja mnajua kisu kinasikikaje kwenye mfupa. Baba alipiga kelele mara moja, kisha akawa anatoa sauti nyingine ya chini, na Onsongo aliendelea akinung'unika, akikwangua, akimwambia Mama inua, geuza, shusha. Damu ilimtiririkia Mama mpaka mapajani. Halafu jasho likaanza. Lilitoka kwenye paji la uso la Baba, likajaa kifuani, likamwagika shingoni, na mmoja wa wale wanaume akaachia bega akarudi nyuma.

"Jasho!" Nyanya alilia. "Mnaliona? Mwacheni! Moraa, mwachie mwanangu!"

Mtu yeyote anayekwanguliwa mfupa akiwa macho atatoka jasho. Leo nasema hivyo kirahisi. Siku ile sikuwa na mwenye kuniambia, na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba naona mama yangu akimuua baba yangu. Macho ya Baba yakapinduka, kichwa kikalegea. Nyanya akaanza kilio chenyewe, kile cha msiba, na nje nikasikia jirani wakikipokea. Mama hakuachia. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Alimtazama Onsongo akasema, "Maliza."

Kilichotoka kilikuwa kipande kirefu kama kidole changu, cha kijivu, kimeliwaliwa pembeni. Onsongo alikitupa kwenye maji yangu kikazama. Nilikitazama pale ndani ya bakuli. Kumbe hicho ndicho Baba alichokuwa akiongea nacho, na wala hakikuwa na uhai hata kidogo.

Kilio kiliendelea nje hata baada ya Baba kuvuta pumzi, na Baba Mdogo ilibidi atoke akawanyamazishe watu.

Niliporudi kliniki kuchukua majibu nilimsimulia daktari yule yule kijana habari ya kipande kile, akasema kinajulikana, mfupa ukioza baada ya kuumia sehemu yake hufa na kukaa ndani, na maumivu hayatakwisha mpaka utolewe na upate dawa kali ya muda mrefu. Akasema pia kwamba wengi waliofanyiwa kama Baba hawakuamka. Naamini. Kwa hiyo asije mtu kukatwa mlangoni kwake eti mimi nilisimulia. Mguu ukikuuma usiku hata mchana, ukiwa umevimba upande mmoja na una joto, usiuulize nani ameuleta. Nenda kliniki mapema, kabla watu hawajapata la kusema.

Mama ndiye aliyemuuguza. Sasa alikuwa na ruhusa ya kila mtu. Alichemsha maji na chumvi, akachemsha na vitambaa, kama alivyoambiwa pale Masimba, akaosha kila siku mpaka nyama nyekundu ikapanda kutoka chini, na kovu likafunga. Hakuzungumza akiosha. Baba alianza kusimama, kisha kutembea kwa fimbo, kisha kwenda kwenye ng'ombe wake. Migomba upande wa kulia ilichipua tena yenyewe.

Alipopata nguvu alichinja dume la mbuzi, akaita ukoo wote, na Nyaboke akaja na mumewe, amejipaka mafuta. Baba alisimama kwa fimbo yake. Alisema maneno mazuri. Alisema wanawake kama huyu ni wachache, kwamba damu yake imemwagika mikononi mwa mkewe na hakufa, na kwamba mdomo uliosema vibaya sasa ujae nyama. Watu walicheka. Nyanya alitazama chini. Kisha Baba akamgeukia Mama, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Moraa, leo najua wewe ni mke mwema."

Wanawake walipiga vigelegele. Mama alingoja viishe. Hakupandisha sauti.

"Nilikaa nyuma ya ukuta wako siku zote zile nikingoja uniite," alisema. "Leo unajua. Na wakati ule, ulikuwa unajua nini?"

Baba alihamishia fimbo mkono wa pili. Mtu mmoja akakohoa, na Baba Mdogo akaanza kugawa nyama haraka haraka, akitaja majina. Mama aliingia jikoni kuendelea na ugali. Zile nguo zake alizifungua kwenye kitambaa, nadhani kwa ajili yetu watoto, na waliishi boma moja mpaka uzeeni, wakalima pamoja na kuzika pamoja waliokufa. Nimekuwa binti yao kwa miaka yote hiyo, na sikumsikia Baba akimjibu.